Tembea Mji wa Kale, ujue sukari yako ni ngapi

MSOMAJI mpendwa, kama umepanga kuipeleka familia yako Mombasa likizo hii, bila shaka umekwisha kuambiwa mambo ya kwenda kutazama: Fort Jesus, fuo za Nyali na Bamburi, feri ya Likoni na yale mapembe ya Barabara ya Moi. Yote hayo ni mazuri na uyatazame. Lakini leo ningependa kukutembeza njia nyingine, njia fupi ya Mji wa Kale, kuanzia Fort Jesus hadi Marikiti, kisha jioni tumalizie Mama Ngina. Pamoja na majengo, tutatazama kile kinachoingia mdomoni, na kile kinachotendeka ndani ya damu baada ya hapo.

Sababu ni hii. Mombasa ni mji wa utamu. Kuanzia alfajiri hadi usiku huwezi kupita kona mbili bila kukutana na mtu anayeuza kitu kilichotiwa sukari, au kitu kitakachogeuka sukari kikishafika tumboni. Na katika mji huo huo, keti barazani na wazee nusu saa tu, utalisikia neno "sukari" likitajwa kwa maana nyingine: fulani ana sukari, fulani amekatwa mguu kwa ajili ya sukari, fulani sukari ilimpanda usiku akakimbizwa hospitali. Watu huitaja kama wanavyotaja kusi na kaskazi, kana kwamba ni jambo linalokuja lenyewe na halina kinga.

Sivyo. Ugonjwa wa kisukari, ule unaowapata watu wazima wengi, hauji ghafla. Huja polepole kwa miaka mingi, na njiani hupitia mahali ambapo mtu anaweza kugeuka akarudi. Shida ni kwamba mahali hapo hapaumi. Usipopimwa huwezi kujua kwamba umefika.

Kabla ya chai

Basi anza safari yako mapema, saa moja hivi ya asubuhi, kabla hujala wala kunywa chochote isipokuwa maji. Simama mbele ya Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka wa 1593 wakaimaliza 1596, na mwaka wa 2011 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kuta zake za mawe ya matumbawe zimenyeshewa na kupigwa jua kwa zaidi ya miaka 400 na zingali zimesimama.

Mwili wako nao una kitu unachokilinda usiku na mchana, nacho ni kiasi cha sukari katika damu. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Katika damu yote hiyo, asubuhi kabla ya kula, sukari iliyomo ni gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Naam, kijiko kimoja! Kikipungua sana, ubongo hukosa chakula chake. Mtu hutetemeka, hutokwa na jasho, na mwishowe huweza kuzimia. Kikizidi na kuendelea kuzidi, mishipa ya damu huharibika kidogo kidogo, na kwanza ile midogo ya macho, figo na miguu.

Hapa kwetu sukari ya damu hupimwa kwa milimoli kwa kila lita, na tarakimu utakazosomewa zahanati ni hizo. Ukipimwa baada ya kukaa saa 8 au zaidi bila kula, Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba uko salama ukiwa chini ya 6.1. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 sukari imepanda kuliko inavyostahili, ingawa ugonjwa wenyewe bado. Ukifika 7.0 au zaidi, hicho ni kisukari, na kama huna dalili zozote kipimo hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha. Madaktari wa Marekani ni wakali zaidi, wao huanza kutahadharisha mtu tangu 5.6.

Sasa hebu tazama tofauti ilivyo ndogo. Mtu mwenye 5.0 ana kijiko kimoja cha sukari katika damu yake. Mwenye 7.0 ana kijiko kimoja na karibu nusu. Nusu kijiko tu ndiyo inayomtenga mzima na mgonjwa, na hakuna ulimi wala kiungo kinachoweza kuionja tofauti hiyo. Ndiyo maana watu hukaa nayo miaka bila habari.

Mahamri na mbaazi

Ukiiacha ngome nyuma yako ingia Ndia Kuu, ambayo kwa Kimvita maana yake ni njia kuu, ingawa leo magari mawili yakikutana humo ni lazima mojawapo lisubiri. Tazama milango ya kuchongwa na roshani za mbao zilizotokeza juu ya njia. Kufikia hapo pua yako itakuwa imekwisha kunasa harufu ya iliki, nawe utajua kwamba mahamri yamo karaini.

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea hesabu. Mtu atasema, "Mimi chai yangu ni kijiko kimoja tu cha sukari, kwa hivyo niko salama." Kisha anaagiza mahamri manne. Hamri ni unga mweupe wa ngano, sukari, tui la nazi na iliki, ukachomwa kwa mafuta. Unga huo ni wanga, na wanga ukishasagwa tumboni hugeuka sukari ile ile. Damu haiulizi kama sukari imetoka kwenye kijiko au kwenye andazi.

Na wewe uliyetoka bara usicheke. Ugali, wali, chapati, viazi, mkate mweupe na githeri yenye mahindi mengi na maharagwe machache, vyote ni wanga. Sisemi usile. Nasema ujue kwamba mlima wa ugali na kijilima cha mboga ni hesabu moja, na ugali wa wastani, mboga nusu ya sahani na kipande cha samaki ni hesabu nyingine kabisa.

Katika hiyo sahani ya asubuhi, rafiki yako ni mbaazi. Mbaazi, kunde, pojo, maharagwe na dengu vina wanga pia, lakini pamoja na nyuzinyuzi na protini, na kwa hivyo sukari yake huingia katika damu taratibu. Kwa hiyo fanya kinyume cha desturi: bakuli la mbaazi lijae, mahamri yawe mawili. Tui nalo lina mafuta mengi, kwa hivyo mbaazi zisiogelee.

Saa 2 baada ya chakula, mtu mzima wa afya huwa sukari yake imekwisha kurudi chini ya 7.8. Hospitalini kuna kipimo maalumu ambapo mtu hunyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa baada ya saa 2. Akiwa kati ya 7.8 na 11.0, yuko pale mahali pa kati nilipopataja. Akifika 11.1, ni kisukari.

Funzo la Bandari ya Kale

Endelea kuteremka mpaka Bandari ya Kale. Zamani, kabla ya Kilindini kuwa bandari kubwa, hapa ndipo majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalipotia nanga yakisukumwa na kaskazi. Yalileta tende, samaki wakavu, mazulia na nguo; yakaondoka na boriti za mikoko na pembe. Halua ya Kiomani nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo, ikatia mizizi mpaka leo harusi ya Mombasa bila halua haijakamilika.

Simama utazame gati, kwa maana hapa ni rahisi kuelewa jinsi kisukari kinavyoingia.

Fikiri kwamba damu yako ni gati, na chakula ni jahazi lililofika na shehena ya sukari. Shehena haitakiwi kukaa gatini. Inatakiwa ichukuliwe ikawekwe katika maghala, ambayo ni misuli na ini. Kazi ya kuifikisha huko inasimamiwa na insulini, nayo tunaweza kuifananisha na mahamali. Mahamali hao wanatoka katika kiungo kinachoitwa kongosho, kilichojificha nyuma ya tumbo.

Mambo yakiwa sawa, jahazi likifika mahamali hutoka, milango ya maghala hufunguka, na baada ya saa 2 gati limekuwa jeupe. Lakini mtu akinenepa sana, hasa tumboni, na misuli yake ikawa haifanyi kazi kwa sababu anashinda ameketi, milango ya maghala hushika kutu. Inafunguka kwa shida. Kongosho likiona hivyo huongeza mahamali: badala ya kumi linatuma ishirini, badala ya ishirini arobaini. Gati bado liko safi, na mtu akipimwa anaonekana mzima, ila kongosho linafanya kazi maradufu.

Miaka ikipita kongosho huchoka. Mahamali hupungua, na shehena huanza kubaki gatini, kwanza kidogo, kisha nyingi. Siku daktari anapomwambia mtu "una kisukari," safari ilikwisha kuanza miaka mingi nyuma. Hiki ndicho kinachoitwa kisukari cha aina ya 2, na ndicho kilicho kingi mno duniani.

Aina ya 1 ni jambo jingine, na ni vyema wazazi walijue. Hiyo aghalabu huwapata watoto na vijana: kinga ya mwili yenyewe hugeuka ikaua chembechembe zinazotengeneza insulini. Mtoto hakula peremende nyingi, wala mama yake hakukosea. Ni lazima apate insulini ya sindano maisha yake yote. Kabla ya mwaka wa 1922, mtoto kama huyo alikuwa ni wa kufa tu. Mwaka wa 1921, mjini Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kuitoa insulini katika kongosho la mbwa, na mnamo Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo. Siku ya kuzaliwa kwa Banting, Novemba 14, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani.

Mtoto wako akianza kunywa maji kupita kiasi, akakojoa kitandani ilhali alikuwa amekwisha kuacha, na akakonda, usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kahawa chungu

Rudi sasa juu kidogo, upite karibu na Msikiti wa Mandhry wenye mnara wake mweupe, unaosemekana kuwa ulijengwa mnamo 1570. Jirani na hapo, na katika vichochoro vya Kibokoni, utawakuta wauza kahawa na madele yao ya shaba juu ya makaa. Mwamkie mzee uliyemkuta barazani, "Shikamoo mzee," naye atakuitikia "Marahaba mwanangu" na kukusogezea nafasi.

Kahawa ya Mombasa ni chungu, haitiwi sukari, na kikombe chake ni kidogo. Kwa mwenye kuchunga sukari hakuna kinywaji kilicho afadhali, endapo atakunywa kahawa peke yake. Tatizo ni yule jirani yake, kashata, ambaye ni nazi au njugu iliyogandishwa kwa sukari. Wengine hutafuna moja kwa kila kikombe, na vikombe ni vinne.

Wazee barazani wanaijua sukari, maana wameizika jamaa. Watakuambia dalili zake bila kukosea: kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo usiku mara tatu au nne, kukonda bila sababu, macho kufanya ukungu, ganzi ya nyayo na kidonda kisichopona. Wengine watakuambia kwamba zamani mtu alijulikana kwa sisimizi kukusanyika mahali alipokojoa. Si porojo. Waganga wa Bara Hindi walikwisha kuandika habari za mkojo mtamu kama asali unaowavutia sisimizi zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Sukari ikizidi katika damu, figo hushindwa kuizuia, nayo humwagika pamoja na mkojo.

Lakini msomaji wangu, sisimizi huja wakiwa wamechelewa. Figo huanza kuimwaga sukari inapofika kama 10 hivi, na kumbuka kwamba ugonjwa ulianza kwenye 7. Mwenye kungoja sisimizi, au kungoja kiu, amekwisha kupitia ile njia panda ya kurudi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya watu wazima 8 katika kila 10 nchini Kenya hawakuwa wamepimwa sukari hata mara moja maishani.

Na kama umefika mjini mwezi wa Ramadhani, utaona meza za jioni zikiwa na tende, kaimati za shira, vibibi na sharubati. Tende ni sunna, ila ujue kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari. Tatu zinatosha kufungulia. Mwenye kisukari anayetaka kufunga amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa dawa hubadilishiwa saa na vipimo. Akiwa amefunga na sukari ikashuka chini ya 3.9, au ikapanda juu ya 16.6, afungue mara moja. Kujidunga kidole ili kupima hakubatilishi saumu, ndivyo wanavyoeleza wanazuoni wengi.

Kipande cha uzi

Kutoka hapo pinda kuelekea Barabara ya Biashara. Hapa ndipo mahali pa leso na vikoi, na wanawake hutoka mbali kuja kuchagua jina linalowafaa. Nunua leso, na pia nunua uzi, kisha ujipime hivi.

Simama wima, mtu akupime kwa uzi kutoka utosini hadi kisiginoni, na aukate hapo. Ukunje uzi huo mara mbili, sawasawa. Sasa uzungushe kiunoni, katikati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na hatari yako ya kupata kisukari na ugonjwa wa moyo imeongezeka. Mama mwenye urefu wa sentimita 160, kwa mfano, kiuno chake kisizidi 80. Mjamzito asijipime hivi.

Kitambi kwetu kimesifiwa sana. Huitwa afya, huitwa heshima, na mume akipungua tumbo majirani huuliza kama mkewe hampikii. Lakini mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo yanayotia kutu ile milango ya maghala.

Uzi hausemi yote. Jiulize pia maswali haya. Je, baba, mama au ndugu yako wa tumbo moja ana kisukari? Je, una shinikizo la damu? Je, umefika miaka 35 au 40? Je, wewe ni mama uliyepata sukari ukiwa mjamzito, au uliyejifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi? Mtoto mkubwa hufurahiwa sana, lakini huenda akawa ameleta ujumbe kwamba sukari ya mama ilikuwa juu. Sukari hiyo aghalabu huondoka baada ya kujifungua, ila mama huyo yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko wenzake miaka ya baadaye, naye apimwe mara kwa mara. Wenye asili ya Kihindi, ambao ni wengi mjini humu, nao hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko wengine, kwa hivyo wembamba usiwadanganye.

Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, kapimwe.

Mizizi na majani

Marikiti iko hatua chache tu, kwenye Barabara ya Digo. Humo utapata bizari, mdalasini, iliki, pilipili manga na maembe ya kila namna. Nje utapata mchicha, kisamvu, mabamia na mabiringani, na hivyo ndivyo vitu vya kujaza kikapu. Utapata vilevile wauzaji wa mizizi, magome na majani ya mwarobaini, na hapo hapo utaelezwa kwamba kitu kichungu hukata sukari.

Ni fikira inayovutia, lakini uchungu wa ulimini hauondoi utamu wa damuni. Sina ugomvi na mti wowote. Ugomvi wangu ni na tabia ya mtu kuacha vidonge au insulini aliyopewa na daktari kwa sababu amepata chupa ya maji ya majani. Wengi waliofika hospitali wakiwa hoi walipitia njia hiyo. Kama unatumia mitishamba, mwambie daktari wako, na dawa zake usiziache.

Basi mtu aliye katika mahali pa kati afanye nini? Jambo hili limechunguzwa. Marekani, katika utafiti uliotolewa mwaka wa 2002, watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari waligawanywa makundi. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kama vile kutembea kwa haraka. Kundi jingine lilipewa vidonge vya metformin, na jingine likapewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka karibu 3, wale wa kutembea na kupunguza uzito walikuwa wamepunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Wale wa metformin waliipunguza kwa asilimia 31. Miguu ilishinda kidonge.

Asilimia 7 si jambo la kutisha. Mwenye kilo 80 ni kupunguza kilo 5 na nusu hivi. Na dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5 za wiki. Njia hii tuliyopita leo, kutoka Fort Jesus hadi Marikiti, bila kusimama ni kama nusu saa, kulingana na hatua zako na vichochoro utakavyochagua. Msuli unaotembea hufungua milango ya ghala wenyewe, hata insulini ikiwa haba. Kwa hivyo ukishakula, badala ya kulala kochini, tembea japo dakika 10.

Jioni Mama Ngina

Jioni, jua likipunga, mji mzima huhamia Mama Ngina kupunga upepo wa bahari na kutazama meli zikiingia Kilindini. Hapo watoto watakuvuta kila upande: mabuyu mekundu, juisi ya miwa, soda, aiskrimu, krispi za muhogo, viazi karai. Siwezi kukuambia uwanyime watoto likizo yao. Nitakupa hesabu tu, uchague mwenyewe.

Soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko 7 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku za sukari ya kuongezwa, na ni bora zaidi akiwa chini ya 25. Soda moja imekwisha kukupitisha hapo. Juisi ya miwa ni sukari ile ile kabla ya kupikwa kiwandani. Dafu lina sukari kidogo kuliko vyote viwili, na mwenye kisukari anaweza kunywa kiasi akilihesabu. Maji hayana kabisa. Krispi za muhogo zina wanga, mafuta na chumvi; pakiti moja mgawane wanne. Mahindi ya kuchoma ni afadhali, na samaki wa kukaanga na kachumbari ni bora zaidi.

Ukitembea katika Mji wa Kale utakuwa umeziona nyumba mbili za aina moja, zilizojengwa kwa mawe yale yale: moja ingali imara kwa sababu mwenyewe alitengeneza nyufa zikiwa ndogo, na nyingine imeporomoka, imebaki kuta na mkuyu umeota sebuleni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sukari ya 6.3 ni ufa, unaozibika kwa miguu, kwa sahani na kwa uzi wa kiunoni. Mguu uliokatwa ni ukuta ambao hakuna fundi awezaye kuujenga tena.

Kwa hivyo msomaji, uwe Mombasa au Machakos, Kisumu au Kitale, fanya jambo moja wiki hii. Usiku kula mapema. Asubuhi, kabla ya chai, nenda zahanati iliyo karibu nawe au duka la dawa lenye mhudumu aliyesomea. Mwambie, "Nataka kupimwa sukari, na sijala." Ni tone moja la damu la ncha ya kidole, na jibu ni la muda mfupi. Nenda na mume wako, nenda na mke wako, na kama mzazi wako yu hai mchukue naye. Andika tarakimu utakayopewa na tarehe yake katika karatasi, uiweke pamoja na kitambulisho chako. Mwaka ujao pima tena, ulinganishe.

Halafu ndipo ukanywe chai. Na sukari utie kwa kipimo.